Kamba ya Mwezi

Usiku wa arobaini mwezi ulikuwa bado juu ya Kigoma,
mzima, mnene, hauna haya.
Dagaa hawaji kwenye karabai mwezi ukiwaka,
hilo hata mtoto wa Kibirizi analijua.
Vichanja vitupu. Kunguru wamehamia Ujiji.
Mama akachemsha maji, akayaita mchuzi.

Ukoo wetu ni wa taa. Ukoo wenu ni wa mwezi.
Tangu udogoni, tukianika dagaa, tulikariri:

    Wa taa na wa mwezini, hawalali nyumba moja,
    akila wa kilimani, wa ziwani atangoja.

Wakanituma mimi, Mwavita, miaka kumi na tisa,
niliyezaliwa watu wakikimbia risasi ng'ambo,
jina langu tayari lina vita ndani.
Wakanipa kisu cha kukatia nyavu:
panda Bangwe, kata kamba,
mwezi uangukie huko utakakoangukia.
Na ukimkuta Kaneza...
Hawakumaliza. Hawakuhitaji.

Kaneza. Wewe uliyetia ufa kioo cha karabai yetu
(kingine hatujaweza kununua),
nami nikakumwagia ndoo ya shombo kwenye gauni la Pasaka.
Tangu siku ile nimekuchukia kwa bidii,
kama mtu anayesomea mtihani:
najua unavyotembea, mguu wa kushoto ukitangulia,
najua kovu juu ya jicho, najua siku zako za soko.
Sikujiuliza ni chuki gani inayokariri hivyo.

Nilikukuta kileleni umeuma kamba kwa meno.
Kamba ya mwezi si ya katani,
imesukwa kwa nywele za wafu wenu,
baridi kama mgongo wa kuhe aliyetoka kilindini.
Viganja vyako vimechubuka.
"Umechelewa," ulisema bila kugeuka.
"Shangazi alikufa ameshika ncha ile. Leo ni arobaini yake.
Kamba inataka watu wawili,
na kwetu hakuna anayethubutu kushika alipofia mtu."

Nikatazama kisu. Nikatazama viganja.
Kisu nilikiweka chini.
Hapana, nisijisifu: kiliniponyoka, nilikuwa natetemeka.

Tukavuta.
Ulinitukana nilipolegea, nikakutukana ulipoharakisha,
na matusi yakashika mapigo,
mjinga wewe, tena, zumbukuku, tena,
mpaka mwezi ukatugusa mabega,
mzito kuliko nilivyodhani, unanuka udongo wa mvua ya kwanza.
Tukaufunika kwa blanketi la shangazi.

Giza.
Giza la siku arobaini kwa mkupuo mmoja.
Uso wako, ule ninaoujua kwa chuki, sikuuona,
ikabidi niutafute kwa vidole.
Hukunizuia. Kovu lilikuwa pale pale.
Nani alimbusu nani, tunabishana hadi leo.

Kisha chini kabisa, taa ya kwanza. Ya pili. Mia.
Ziwa likachipua.
Nami sijawahi kuliona kutoka juu;
siku zote nilikuwa ndani ya mwanga mmoja,
nikitapika, nikivuta wavu, nikilaani kilima.
"Hivyo ndivyo mnavyoonekana," ulisema.
"Ya kwenu ni ile, yenye mwanga uliopasuka.
Nilitaka niweze kuitambua."

Siku hizi kamba ikitaka mtu wa pili, napanda.
Hawajajua. Wanasema mwezi umepata adabu.
Na mchana, sokoni, unachota dagaa wangu,
unawanusa, unawarudisha kwa dharau:
"Wana mchanga hawa, kama mwenye nao."
Kina mama wa taa wananisukuma bega: mjibu!
Nakujibu, vibaya, kwa sauti ya kusikika hadi gatini,
huku mkono unakupimia kopo,
unaongeza,
unaongeza.